Masikio ya Baba na Bafle za Sajini

Enzi zetu, sisi tuliokulia kambi ya reli pale Kamina, hatukuhitaji saa ukutani. King'ora cha karakana kilitutoa kitandani, king'ora hichohicho kiliwaambia mama zetu wabandike maji ya bukari, ugali wetu, na treni ya kwenda Luena ilipopiga honi tulijua mwalimu yuko karibu kutufungulia. Mtoto wa siku hizi ukimuuliza ni saa ngapi anatoa simu mfukoni, na simu ikizimika hajui kama ni asubuhi au alasiri. Sisi mji wenyewe ulitupigia kelele. Mabehewa yaligongana, nyundo zililia karakanani, kwaya ya Mama ilifanya mazoezi kanisani, na redio ya jirani iliimba sifa za chama tangu jogoo mpaka chakula cha jioni. Tulilala vizuri katika kelele hizo. Kilichotushtua ni kimya.

Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Wenzangu waliogopa mbwa na mwalimu wa hesabu. Mimi niliogopa mambo ambayo hayajatokea. Mama alizoea kusema, "Huyu mutoto akiona wingu, anaanza kulilia nyumba yenye itaanguka." Watu walicheka, nami nilicheka nao, lakini roho ilikuwa juu.

Baba alikuwa mkaguzi wa magurudumu. Kijana wa leo haijui kazi hiyo, kwa hiyo nitaieleza. Treni ikisimama stesheni, Baba alitembea ubavuni mwake akiwa na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga kila gurudumu. Gurudumu zima hulia kwa sauti nyembamba inayokaa hewani kidogo kabla ya kuondoka. Gurudumu lenye ufa hutoa sauti fupi, iliyokufa. Akisikia hiyo ya pili, behewa linatolewa, hata kama ndani yake amekaa mkubwa wa chama mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai, na koti la ngozi. "Chuma haina bongo," alituambia. "Muntu njo iko na bongo." Alimaanisha kwamba chuma hakijui kudanganya, binadamu ndiye anayejua.

Sisi watoto tuligeuza kazi yake kuwa mchezo. Tulipanga sahani za bati, makopo ya maziwa, chungu cha kinywaji cha munkoyo na jembe bovu, mmoja akafungwa kitambaa machoni, mwingine akagonga. Ulitakiwa kusema ni nini na kama kina ufa. Nilikuwa bingwa wa mchezo huo kambi nzima. Baba akirudi alinikuta nimeshinda, akanipa masuku aliyonunua stesheni, matunda yenye nyama ya njano inayonata kwenye kokwa, nami nikayanyonya mpaka ulimi ukakauka. Tunda la dukani la siku hizi limevishwa nailoni kama maiti, na ladha yake ni hiyohiyo ya nailoni.

Basi mwaka mmoja mvua zilipoanza, tulikuwa tumekaa barazani jioni tukila mahindi ya kuchoma. Nyenje walikuwa wanalia kwenye majani yote ya kambi, wanalia mpaka unahisi meno yanawasha. Baba akatafuna, akatazama giza likiingia, akasema taratibu:

"Mwaka huu nyenje balienda wapi?"

Yaya Numbi, dada yangu mkubwa, alicheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Nilimtazama Mama. Mama naye hakucheka, alipukuchua hindi lake, akamwekea Baba punje mkononi, akasema, "Balihamia Kabongo."

"Ah," alisema Baba. "Kule kuko chakula mingi."

Nilijua wakati huohuo. Sauti nyembamba zilikuwa zimemtoka Baba masikioni, zimekwenda na miaka ya nyundo na honi, na Mama alilijua jambo hilo kabla yangu. Kuanzia jioni ile niliishi na hofu.

Nilikuwa na sababu. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Papa Banza, dereva wa treni, ambaye macho yalimwingia ukungu. Walimpima hospitali ya reli, wakamwambia asante kwa kazi, na nyumba ya kambi ikachukuliwa. Binti yake alikuwa mwenzangu wa kurukaruka na kupiga makofi. Niliwaona wakipakia vitanda kwenye mkokoteni, mama yake amebeba picha za ukutani kichwani, na jirani zetu wamesimama milangoni. Nikahesabu vitu vyetu kwa macho: kabati, cherehani ya Mama, kitanda cha chuma. Nilijiuliza kipi kitapakiwa kwanza.

Na kulikuwa na hofu ya pili, kubwa kuliko nyumba. Kama Baba hasikii nyenje, anasikiaje ufa? Watu walijaa kwenye mabehewa yale na kuku wao na magunia ya ndakala, dagaa wetu, na bibi yangu alisafiri humohumo kuja kututembelea. Siku moja nikitoka shule nilipitia stesheni makusudi. Nilimwona Baba akigonga gurudumu, kisha anaweka kiganja juu yake na kusubiri, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Zamani hakuwa akigusa. Sikujua kama kile kiganja kinitulize au kinitishe zaidi, na usiku nilisali majina ya stesheni zote mpaka Luena.

Sasa ndipo aliingia Sajini Ekofo.

Sajini alikuwa dereva kwenye kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, mtu wa jimbo la Équateur, huko mtoni, mrefu, mwenye Lingala nyingi na Kiswahili cha kuokoteza. Alimpenda Yaya Numbi, wazee wakakaa, mambo ya kwanza yakafanyika, na arusi ikapangwa baada ya mavuno ya mahindi. Baba alimkubali kwa shingo upande. Alisema askari hana kwao, leo yuko hapa, kesho anatumwa usikokujua. Lakini Sajini alikuwa na kitu ambacho wachumba wengi wa Kamina hawakuwa nacho: gari. Aliuziwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya, gari jeupe lenye kutu milangoni, na ndani ya milango mlikuwa na bafle, yaani spika, za kiwandani, zilezile zilizotoka na gari. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza ndani ya sufuria. Padri labda zilimtosha. Sajini alitaka gari la kumbebea bibi arusi liimbe.

Baba, saa zake za mapumziko, alitengeneza redio za kambi nzima. Sajini akasikia. Basi Jumamosi moja, baada ya salongo, usafi wa lazima wa mtaa, tukiwa bado na mafagio mkononi, gari likaingia uani, kwenye lupango letu. Akashuka, akasimama wima kama mbele ya kamanda wake, na mikononi ana katoni, juu yake soksi imefungwa fundo.

"Papa, pardon," alisema. "Nilileta bafle za mupya na ba-tuita kutoka Lubumbashi. Naomba weye Papa unitiliye ku milango."

Watu waliokuwa karibu wakaacha kufagia. Niwaeleze wasiotoka kwetu: mkwe hampi baba mkwe kazi. Mkwe ndiye anayelima shamba la ukweni, anayekata kuni, anayepaua nyumba, na hafanyi hivyo kwa kuombwa mara mbili. Kumletea baba mkwe kibarua ni kumgeuza mtoto wako. Sajini hakujua, kwao labda ni sawa. Jasho lilimtoka Yaya Numbi pale mlangoni, na mimi nikaona arusi imevunjika.

Baba aliinama akafungua ile soksi. Ndani mlikuwa na vibafle viwili vidogo, kila kimoja hakizidi mfuniko wa chupa ya dawa. Hivyo ndivyo tuita, vya kuimbia sauti nyembamba. Nikaona uso wake unalegea, maana vitu hivyo havikuonekana Kamina kila siku.

"Bon," alisema. "Minyi nitafanya kazi ya gari yako. Na weye utafanya kazi ya shamba yangu. Jembe iko nyuma ya nyumba."

Watu wakacheka, heshima ikarudi mahali pake. Sajini alivua shati la jeshi akaenda kulima mihogo. Aliyeumia ni Mama. Kwetu Waluba, mama mkwe na mkwe hawakutani uso kwa uso, hawali pamoja, na mama haketi anapoketi mkwe wake. Tunaita buko, nayo ni heshima, si uadui. Sasa mkwe yuko shambani kwake nyuma, gari la mkwe liko uani kwake mbele, na Mama amebaki jikoni katikati kama mfungwa, anachungulia dirishani akilalamika kwamba mihogo yake inakatwa mizizi na mtu wa mtoni.

Baba alinifundisha kazi ile akiifanya. Alitoa mbao laini za milango, akang'oa zile bafle za kiwandani. Karatasi zake zilikuwa zimeoza kwa maji ya mvua yanayopita kwenye kioo, ukizigusa zinachanika. Akakata ubao akaweka bafle mpya, kubwa kidogo, zenye sumaku nzito. Hizo ni za sauti nene na za katikati. Kisha tuita akazipachika juu, pembeni mwa kioo, zimtazame mtu usoni.

"Hii kiloko haina nguvu," aliniambia akiwa ameishika tuita, ile ndogo, kwa vidole viwili. "Ukiiletea sauti nene, inaungua. Unaiwekea filtre mu njia."

Filtri yenyewe ilikuwa kondasa, kile kidude cha miguu miwili unachokikuta ndani ya kila redio. Baba alikuwa na kopo zima la kondasa za redio zilizokufa. Alinieleza kwa chekecheke cha Mama. Chekecheke chenye matundu madogo hupitisha unga laini peke yake. Chenye matundu makubwa hupitisha na chenga. Kondasa ndogo hupitisha sauti nyembamba kabisa, inaacha nyingine zote nje. Kondasa kubwa hufungua mlango, na sauti za chini zinaingia. Kazi ya fundi ni kuchagua ile ambayo tuita itaimba bila kupiga kelele na bila kuungua. Kwa maneno ilikuwa rahisi sana.

Alianza na ndogo. Akatia kaseti ya kwaya ya Mama, akafungua sauti. Jamani! Nilisikia akina mama wa sauti ya kwanza wakipanda juu, nikasikia hata pumzi zao kabla ya kuimba, nikasikia kayamba linavyomwagika. Sikuwa nimewahi kusikia gari likiimba hivyo. Nikamgeukia Baba nikitabasamu.

Baba alikuwa ameinamisha sikio kwenye tuita. "Haisemi," alisema.

Nikaacha kutabasamu. Akakata waya, akatia kondasa kubwa zaidi. Akasikiliza. Akatikisa kichwa. Akatia nyingine, kubwa kuliko hiyo. Sasa tuita ilianza kulia, sauti za katikati zimejazana kwenye kidude kisichoweza kuzibeba, zinakwaruza. Mbwa wa jirani aliondoka. Watoto waliokuwa wamekuja kutazama wakaziba masikio wakicheka, nami nikawakonyeza wanyamaze, nikawasukuma, nikamwambia mmoja mama yake anamwita. Baba akaongeza tena. Alikuwa anashusha sauti mpaka ifike mahali masikio yake yalipobaki, na mahali hapo palikuwa chini sana.

Mwishowe akanyanyuka, uso umejaa furaha. "Sasa njo inasema!"

Ilikuwa inapiga mayowe. Nami nilimjibu, "Ndiyo, Baba."

Hapo Sajini akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani, matope mpaka magotini. Kelele zile zilikuwa zimemfuata shambani. Akasimama. Akalitazama gari, akamtazama Baba aliyekuwa anatikisa kichwa kufuata wimbo, kisha akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Nadhani aliona kila kitu, maana sikuwa na uso wa kuficha, mpaka leo sina.

Nilingoja aseme. Neno moja tu lingetosha. Watoto walikuwepo, jirani walikuwepo, na mmoja wao alifanya kazi kwa shefu, mkuu wa karakana.

Sajini aliegemeza jembe ukutani. "Papa," alisema, "kwetu kuko desturi. Kitu ya mukwe inalalaka ku buko mpaka siku ya Mungu. Bazazi wabarikiye. Mukwe haruhusiwe kukaribia. Naacha gari hapa. Ntarudia nyuma ya misa ya jioni."

Baba alipenda neno hilo la heshima. Akakubali gari lilale kwetu mpaka Jumapili. Sajini akamwachia ufunguo, akavaa shati lake, akaenda barabarani kutafuta lori la jeshi la kumrudisha kambini. Alipopita karibu nami alinigusa kichwani.

Ninyi mnaosoma mtasema alikuwa mtu mzuri, na basi. Mimi wakati ule nilisema: amejua, na atasema. Askari wanakunywa pombe na watu wa reli kwenye kantini moja. Baba alimwita mtu asiye na kwao mbele ya wazee. Kwa nini asilipize? Jumapili kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa namtazama shefu wa karakana kwenye benchi la mbele, natafuta kama shingo yake imejua. Shingo haikuonyesha chochote.

Tuliporudi, baada ya chakula, Baba alikwenda uani kulifuta gari vumbi. Mama alivua nguo ya kanisa, akajifunga kitenge cha kazi, akachukua kigoda chake cha jikoni. Akatoka nacho mpaka uani, akakiweka chini karibu na mlango wa gari uliokuwa wazi, lakini si ndani, hata mguu wake haukugusa. Akaketi ameligeuzia gari mgongo, uso kwenye ua wa nyasi. Kukaa kwenye gari la mkwe hakukai, kulitazama hakulitazami. Buko imeheshimiwa na kigoda ni chake.

"Weka kwaya," alisema.

Baba alisimama na kitambaa mkononi. "Juu ya nini?"

"Ni kwaya yangu. Nataka kusikia vile batu ya arusi watasikia."

Akaweka. Tuita zikapiga mayowe. Mama akanyanyua mkono wa kulia, kiganja chini, akaushusha taratibu. Kila mtu wa parokia yetu alikijua kile kiganja. Ndicho alichowaonyesha akina mama wa sauti ya kwanza walipopiga kelele: teremkeni, mnatuumiza. Baba alikuwa amekitazama kutoka benchi la wanaume tangu kabla sijazaliwa.

Nilikuwa mlangoni, nimeshika fremu kwa nguvu. Nilifikiri atakasirika, maana Baba alikuwa mtu wa kukasirika. Hakukasirika. Aliinama, akakata waya, akatia kondasa ndogo kidogo. Akafungua. Kiganja kikashuka tena. Akatia ndogo zaidi. Kiganja kikasimama, kikayumba, kikashuka kidogo tu. Walikwenda hivyo, yeye anabadilisha, Mama anaelekeza bila kugeuka, mpaka akarudia ileile ya kwanza kabisa. Akina mama wa sauti ya kwanza wakapanda juu, na pumzi zao, na kayamba. Mama alikunja vidole vyake pamoja, taratibu, kama anavyofunga wimbo. Hapohapo.

Baba aliinamisha sikio kwenye tuita. Nilijua anasikia nini. Kwake kilikuwa kidude kilichokufa. Akaweka kiganja juu ya gari, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Kisha akaniona. "Ngoie," alisema, "mama yako anasema iko muzuri."

"Iko muzuri, Baba."

"Alafu iko muzuri," alisema, akaanza kukusanya vyombo vyake. Aliporudi ndani alikuwa na macho mekundu, na Mama alibaki kwenye kigoda akichagua majani ya sombe, kisamvu chetu, ambayo hayakuwepo.

Siku iliyofuata Baba alivaa abakosti yake ya sikukuu akaenda kwa shefu wa karakana. Alisema magoti yamemshinda, hawezi tena kutembea urefu wa treni, anaomba kupelekwa stoo ya taa na betri, na kwamba kijana aliyemfundisha mwenyewe ana sikio zuri. Shefu alimwangalia magoti, akakubali. Nyumba haikuchukuliwa, ila tulihamishiwa ile ndogo ya mwisho wa mstari, karibu na majaruba. Kitu cha kwanza kupakiwa kilikuwa cherehani. Nilibeba picha za ukutani kichwani mwangu, nikashangaa kwamba sikulia. Treni ya Luena ilipopiga honi mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu mvua za kwanza sikusali.

Na huyo mtu wa magoti aliendelea kupanda baiskeli kila asubuhi mbele ya kambi nzima, mwendo wa kijana, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Watu wa enzi zetu walijua kutoona. Siku hizi angepigwa picha ikasambazwa kabla hajafika kwenye kona.

Arusi ilifanyika. Gari jeupe lilizunguka mji mzima, kutoka kanisani mpaka stesheni na kurudi, milango yote minne inaimba. Shefu wa karakana alipandishwa mbele kama mgeni wa heshima. Aliposhuka alisema, "Iko kama ndege njo analia mu sikio. Nani alichaguaka hii filtre?"

Sajini alijibu haraka, kwa sauti ya kumfikia kila mtu: "Papa mukwe. Yeye mwenyewe alisikiliza, moja moja."

Mama alikuwa amejificha nyuma ya wanakwaya wake, kwa buko. Nilimwona anafuta uso na kitenge.

Miaka mingi baadaye, Baba akiwa ameshazikwa, nilimuuliza Sajini kuhusu ile desturi ya gari kulala ukweni. Alicheka mpaka akakohoa. Haipo kwao, haipo popote. Aliitunga palepale, matope magotini, kwa kuwa aliona Mama ndiye wa kumrekebisha Baba, na hawezi kutoka jikoni yeye akiwepo. Kuhusu masikio, alisema kwenye jeshi watu wa mizinga wote huwa hivyo, unajifunza kuongea nao bila kuwaaibisha. Alikosea desturi yetu kwa kutojua, akaja kutengeneza kwa kutunga yake. Nami nilikuwa nimemwogopa siku mbili nzima.

Leo mtoto wao, mwanangu wa dada, ana gari. Ana mabafle ya kiti cha nyuma chote, makubwa kama ngoma za msiba. Akipita mtaani mabati ya watu yanatetemeka na kuku wanaacha kutaga. Filtri hachagui kwenye kopo, anagusa kioo kidogo kwa kidole, sauti nene huku, nyembamba kule, na hajawahi kufungua redio hata moja. Mwezi uliopita nilikwenda Kamina kuwaona. Akaniketisha mbele, jioni, mvua zimeanza.

"Tantine, niliweka tuita mupya. Unasikia?"

Nilisikiliza. Niliinamisha sikio, kama Baba. Bafle kubwa nilizisikia, mpaka tumboni. Pale juu pembeni mwa kioo palikuwa kimya. Moyo wangu ukaanza mambo yake ya zamani, ukatafuta mkokoteni, ukatafuta vitanda. Kisha nikakumbuka kwamba sina shefu, na nyumba ni yangu.

"Siko nasikia, mwana," nilimwambia. "Nafikiri sauti ya vile inanikimbia."

Ni maneno ambayo Baba hakuyasema mpaka anakufa. Kijana alinitazama, akazima muziki. Hakuona aibu, wala hakujua kwamba ilipaswa kuonwa. Nikamuuliza, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na nje kulikuwa na majani mengi, kama nyenje wapo mwaka huu.

Mama angenijibu kwamba wamehamia Kabongo. Yeye alitoa kichwa nje, akasikiliza vizuri, kisha akanishika mkono.

"Biko, Tantine," alisema, akinionyesha majani ya nje, huku na huku. "Mingi sana. Biko nalia fasi yote."

Sijui mpaka leo ni jibu lipi kati ya yale mawili lenye upendo zaidi.